Nguo ya Kitabu

Kitabu kilitoka kwa fundi Damiano kikinuka gundi, kimevaa leza nyekundu inayong'aa, ile ya kushonea viti vya magari, na juu yake kimeandikwa kwa rangi ya dhahabu HISTORIA YA KANISA. Jenista alikipokea kwa mikono miwili. Alikigeuza mbele, akakigeuza nyuma, akakifungua na kukifunga. Kurasa zilizokuwa zikichomoka kila kikiguswa sasa zilikuwa zimetulia, zimeshonwa upya kwa uzi mweupe wa nailoni. Jenista alijisikia vizuri, na kwa mama lishe wa Tunduma siku za kujisikia vizuri haziokotwi barabarani.

"Damiano, umeniondolea aibu," alisema.

"Mimi ndiye fundi wa Biblia za mji huu, mama. Hata watu wa Nakonde wanavuka mpaka kuniletea." Damiano alikuwa anagonga kisigino cha kiatu cha mtu huku akiongea. "Lile gozi lako la zamani lilikuwa linanuka zizi. Mchungaji angelishika, angeomba maji ya kunawa."

Wakacheka wote wawili. Mungu awasamehe, walicheka kweli.

Jumapili iliyokuwa inakuja, wazee wa kanisa la kijijini kwao, kule kwenye milima ya Ileje, walikuwa waje kukitazama kitabu hicho. Kanisa lilikuwa linajiandaa kwa jubilei, na katika matayarisho hayo lilikuwa linajenga uzio wa matofali kuzunguka makaburi. Nje kidogo ya makaburi hayo, kwenye migomba, ndiko alikozikwa babu yake Jenista, mwalimu Rubeni. Alitengwa na kanisa kwa kosa la kuiba kitabu, akafa hivyohivyo ametengwa, bila kengele wala wimbo. Mwanawe, mzee Yesaya, baba yake Jenista, alikuwa amebaki na ombi moja tu duniani, kwamba uzio upinde kidogo, umchukue baba yake ndani. Wazee walimjibu kwamba utapinda, ila kwanza ithibitike kuwa kitabu kilichoko kwake sicho kilichoibwa kanisani.

Jenista alipokwenda kumwona mwezi uliotangulia, alimkuta amekaa kitandani. Kiharusi kilikuwa kimemwachia mkono mmoja na maneno machache ya kuokoteza. Mzee aliingiza mkono ule mzima chini ya mto, akatoa kitabu, akamwekea bintiye mapajani. Kilikuwa kimefunikwa kwa ngozi ya ng'ombe ya rangi ya udongo, ngumu, yenye baka jeupe na manyoya yaliyonyonyoka hapa na pale.

"Jenista. Wanakuja," mzee alisema. "Angalia nguo yake."

"Nguo ya kitabu, baba?"

"Nguo yake. Angalia."

Jenista aliiangalia, akaona kwa kweli inatia huruma. Akaelewa kwamba baba anataka kitabu kivalishwe kabla ya wageni. Na nani asingeelewa hivyo? Mtu akikwambia uangalie watoto hakutumi ukawakodolee macho. Anakutuma uwaogeshe, uwalishe, uwavalishe. Mzee alipopitiwa na usingizi, Jenista alikifunga kitabu kwenye kitenge, akamwambia wifi yake kwamba anakwenda nacho Tunduma kukishughulikia, akaondoka na furaha ya mtoto aliyetumwa jambo kubwa.

Ijumaa alifunga meza yake mapema. Madereva wa malori waliozoea ugali wake na samaki wa kukaanga walikuta sufuria zimefunikwa. Alipanda gari hadi Itumba, akachukua bodaboda ya kumpandisha mlimani, kitabu kikiwa kifuani ndani ya kitenge, kana kwamba kinasikia baridi.

*

Mzee Yesaya alikuwa ameketishwa uani juani. Nesta, mke wa kaka yake Jenista, alikuwa anamlisha uji. Nesta ndiye aliyekuwa anabaki na mzee, maana mumewe, Aliko, alikuwa Kamsamba akivuna mpunga. Ndiye pia aliyejua kuyasoma maneno ya mzee yaliyokatika katikati.

"Shikamoo, baba. Nimekileta," Jenista alisema, akafungua kitenge kwa madaha kidogo, kama mtu anayefunua chungu cha nyama.

Mzee alikitazama kile chekundu, halafu akatazama nyuma yake, kwenye kitenge.

"Kiko wapi?"

"Ndicho hiki, baba."

Alikipokea kwa mkono mmoja. Akakinusa. Akakwangua leza kwa ukucha, akafungua jalada akatazama kwa ndani, akafungua la nyuma akatazama tena. Alikuwa anatafuta ngozi, na Jenista alikuwa bado anatabasamu. Kisha mzee akatoa sauti ambayo Jenista hakuwahi kuisikia kwake, hata siku mama yake alipofariki. Uji ukamwagika. Kitabu kikaangukia humo.

"Wifi," Nesta aliuliza polepole, akiwa ameshikilia kijiko hewani, "ile ngozi iko wapi?"

"Ngozi si ilikuwa imechakaa! Fundi ameitoa. Baba mwenyewe aliniambia niangalie nguo yake."

"Uiangalie, wifi. Uitazame. Kwa macho." Nesta aliweka kijiko chini. "Mimi nilidhani unakwenda kukipiga picha, zikae kwenye simu kama kumbukumbu. Jamani. Jamani, wifi."

Ndipo Nesta akamweleza yale ambayo mzee alikuwa amejaribu kumweleza kwa maneno yake mawili matatu. Zamani kanisani kulikuwa na kitabu cha historia chenye majalada meusi. Kikapotea. Wazee wakapekua nyumba kwa nyumba, wakakuta kwa mwalimu Rubeni kitabu chenye maneno yaleyale, kimevikwa ngozi ya ng'ombe. Rubeni akasema hiki ni chake. Mmisionari alimpa kurasa zilizosalia kwenye uchapaji, kurasa tupu zisizo na jalada, akazishona mwenyewe kwa kano, akazivalisha ngozi ya ng'ombe wake Sikitu aliyekufa akizaa. Wazee wakasema huo ni uongo, amechana jalada jeusi akaweka ngozi ili kuficha wizi. Wakamtenga.

"Sasa aliyebaki hai ambaye aliona ni mmoja," Nesta aliendelea. "Bibi Tumpale."

"Yule kipofu? Si ndiye binti wa mzee aliyemtenga babu?"

"Huyohuyo. Sikitu alitoka zizini kwa baba yake Bibi Tumpale, akaja kwetu kwa mahari ya shangazi yako. Bibi Tumpale alikuwa mtoto, ndiye aliyemchunga. Amemwambia mchungaji kwamba alimwona Rubeni akikishona kitabu kwa ngozi ya Sikitu, na wakati huo kile cheusi kilikuwa bado kinasomwa kanisani kila Jumapili. Baba yake akamziba mdomo. Na marehemu bibi yako naye aliapa kitabu hakitaguswa na mtu wa ukoo ule. Ndiyo maana Bibi Tumpale hajawahi kukishika mpaka leo."

"Basi si aseme tu alichokiona!"

"Anasema hawezi kuapa kwamba kitabu mlicho nacho ndicho alichokiona, mpaka aishike ngozi. Sikitu alikuwa na kovu ubavuni. Alichomwa na kisiki siku bibi, akiwa mtoto, alipolala malishoni. Bibi alichapwa sana kwa ajili ya kovu hilo. Anasema akiligusa atalijua."

Jenista alikaa chini, palepale kwenye uji. Alikumbuka ngozi ile mikononi mwake siku anampa Damiano. Alikuwa amepitisha kidole juu ya mahali palipotuna kama mshono, akasema moyoni, hata hapa pamekunjamana.

Mzee Yesaya alikuwa analia kwa jicho moja. Lile jingine kiharusi kilikuwa kimelikausha.

*

Jumamosi, kabla maduka hayajafunguka yote, alikuwa amesimama mbele ya kibanda cha Damiano.

"Ngozi gani, mama?"

"Ya kitabu changu. Uliyoivua."

"Aa, ile!" Damiano alionekana kufurahi kuulizwa. "Ile nilidhani takataka, kumbe ngozi hasa. Siku hizi huipati. Nilikata soli za ndani, nikatengeneza makubazi. Yakatoka siku hiyohiyo."

Jenista alishika nguzo ya kibanda. "Kulikuwa na kovu."

"Kovu? Kulikuwa na mahali pamekaza hivi, pamevimba. Niliweka kwenye kisigino, kwa kuwa pale ndipo panapoliwa haraka."

"Aliyenunua ni nani?"

"Dereva. Mzambia, mrefu, lori lake la bluu. Juzi alikuwa kwenye foleni hapo juu." Fundi sasa alikuwa amemtazama vizuri usoni. "Mama, kuna nini?"

"Na vipande vilivyobaki? Na kano zilizokuwa zimeshonea?"

"Takataka za hapa nachoma kila jioni, mama. Nani anaweka kano?"

Alikwenda kwenye foleni ya malori. Foleni ya Tunduma wanaijua wanaoijua. Lori linafuata lori hadi macho yanachoka, na katikati yake kuna watu wanaouza maji, karanga, laini za simu na fedha za nchi mbili. Jenista hakutazama nyuso. Alitazama miguu. Madereva wengine walikuwa wateja wake, wakamshangaa mama lishe wao anainama kando ya matairi, anachungulia vidole vyao.

"Mwapoleni, mama! Leo hakuna nshima?" Mzambia mmoja alimpigia kelele kutoka juu kwenye usukani, akimsalimu na kuuita ugali kwa lugha ya kwao.

"Shuka kidogo nikuone miguu, baba."

"Miguu? Eh, mama amepotelewa na mume, anamkumbuka kwa nyayo!"

Kundi zima likaangua kicheko, na kijana aliyekuwa anauza miwani akavua ndala zake akamnyanyulia mguu. "Nitazame na mimi, mama, labda ndiye!" Jenista alikuwa mjane. Alijikaza, akaendelea na lori lililofuata. Alipofika karibu na mpaka, dalali mmoja aliyekuwa anawajua madereva alimwambia lori la bluu la namna hiyo lilishagonga mihuri, likavuka tangu jana, na kwa vile lilikuwa linakwenda migodini huko Kongo, kurudi kwake Mungu ndiye ajuaye.

Alisimama hapo akitazama ng'ambo. Kovu la Sikitu lilikuwa linasafiri chini ya kisigino cha mtu asiyejua lolote.

Jioni alirudi kwa Damiano, si kwa jambo maalumu, ila miguu ilimpeleka. Alimweleza yote. Fundi aliweka nyundo chini. Alikuwa mtu mwema, na wema wake ndio uliompeleka pabaya.

"Mama, mimi nitakusaidia. Nina kipande cha ngozi mbichi kutoka Mlowo. Nikikikausha kwa moshi usiku huu, nikakichapa kidogo, kinazeeka. Kovu nalichora kwa kisu, nalishona, nalisugua kwa majivu. Si umesema huyo bibi ni kipofu?"

Jenista alijikuta anauliza, "Rangi yake?"

"Ya udongo. Hata baka naweza kulitafuta."

Ndipo aibu ikampanda mpaka masikioni. Babu yake alisingiziwa kwamba amekivisha kitabu ngozi ya kudanganyia watu, na yeye alikuwa hapa anachagua rangi ya ngozi hiyo.

"Acha, Damiano," alisema. "Acha tu. Asante."

*

Ibada ilipokwisha Jumapili, waliohusika walibaki kanisani. Mzee Yesaya alikuwa ameletwa kwa kiti cha plastiki, amebebwa na vijana wawili wa kwaya, ameegemeshwa ukutani na mto. Alikuwa amevaa koti lake la harusi, ambalo sasa lingemtosha na mtu mwingine humo ndani. Mchungaji Ombeni, mgeni katika usharika ule na ndiye aliyezipatanisha familia hizi mbili mpaka zikakubali kukaa chumba kimoja, alikaa katikati. Mwenyekiti wa wazee, Isaka, alikaa kulia kwake na miwani mkononi. Isaka alikuwa mtoto wa kaka yake Bibi Tumpale, yaani mjukuu wa yule aliyetoa hukumu, na nyumbani kwao jina la Rubeni lilikuwa halitajwi bila neno mwizi kufuata.

Bibi Tumpale aliingizwa ameshikwa mkono. Kabla ya kukaa aliomba maji, akanawa, akajifuta kwa upande wa khanga yake, kidole kwa kidole.

"Yesaya yuko hapa?" aliuliza.

"Niko," mzee alijibu. Neno hilo alikuwa nalo.

"Umekua, Yesaya?"

Watu wakacheka kidogo, hata mzee akatabasamu nusu uso. Halafu bibi akanyoosha mikono. "Haya. Nipeni Sikitu wangu."

Jenista alikuwa amepanga kusema kwanza, alikuwa ameyakariri maneno njiani kote. Lakini mchungaji alishakichukua kitabu na kukiweka juu ya ile mikono iliyokuwa inasubiri. Vidole vya bibi vilitua juu ya leza, vikateleza. Vikarudi, vikateleza tena. Vikapita juu ya herufi za dhahabu, vikazunguka kona, vikageuza nyuma, na uso wake ukaanza kubadilika kama wa mtu aliyeingia nyumba isiyo yake.

"Hii ni nini?"

"Ndicho kitabu, shangazi," Isaka alisema.

"Nimeuliza hii ni nini. Mbona inateleza? Hii si ngozi."

"Ni leza, bibi." Jenista alipiga magoti. Sauti yake aliisikia kana kwamba ni ya jirani. "Ni mimi. Nilikipeleka kwa fundi kikavalishwe. Sikujua. Ngozi imekatwa viatu, imevuka mpaka. Nimeitafuta, bibi, sikuipata."

"Na uzi? Alishona kwa kano, nilimwona akizitafuna kuzilainisha."

"Hata uzi, bibi."

Isaka alivaa miwani yake, akaivua. Alikuwa mtu ambaye neno likimjia haliwezi kukaa.

"Kwa hiyo babu alivua jalada jeusi, na mjukuu amevua ngozi," alisema. "Hawa ni ukoo wa kubadilisha vitabu nguo."

Mtu mmoja nyuma alicheka, halafu akajifanya anakohoa. Jenista alitazama sakafu. Angeweza kuvumilia kupigwa.

"Mzee Isaka!" mchungaji Ombeni alisema kwa ukali. Kisha akamgeukia Bibi Tumpale kwa upole. "Bibi, tuambie ulichokiona, kitaandikwa."

"Nilimwona Rubeni ameketi kwenye kizingiti chake anashona kitabu. Ngozi ilikuwa ya Sikitu, nililia kuiona. Na Jumapili yake baba yangu alitusomea kanisani kile cheusi. Siku walipomtenga Rubeni nikamwambia baba, mbona vilikuwa viwili? Akanizaba kofi, akasema mtoto hajui kuhesabu."

"Basi," mchungaji alisema, na sauti yake ilikuwa na matumaini, "unaweza kusema mbele za Mungu kwamba hiki ndicho ulichomwona akikishona?"

Bibi Tumpale alikishika kitabu kwa muda mrefu. Alikipeleka puani, pakawa na gundi tu. Alifungua kurasa, akazipapasa, lakini kurasa ni kurasa, na karatasi ya zamani haina kovu.

"Natamani," alisema hatimaye, na machozi yakashuka kutoka kwenye yale macho yasiyoona. "Mchungaji, nimezeeka nikingoja siku hii. Lakini wao walimhukumu Rubeni kwa jambo wasiloliona. Na mimi nikiapa kwa jambo nisilolijua, nitakuwa nimefanya kilekile. Kilikuwepo kitabu cha ngozi. Kama ndicho hiki, sijui. Nisameheni. Sijui."

Isaka aliandika. Ilisikika kalamu ikikwaruza.

Wakati huo mzee Yesaya alikuwa anahangaika kwenye kiti chake. Nesta akamsogelea kumtega sikio, lakini hakumtaka Nesta. Alinyoosha mkono wake mzima mpaka ukafika kwa Jenista aliyepiga magoti, ukatua kichwani pake, juu ya kilemba.

"Alikivalisha," mzee alisema, akiwatazama wazee wote mmoja mmoja. Mdomo ulimpinda kwa kulitafuta neno jingine. "Alikivalisha... vizuri."

Hapo ndipo Jenista alipolia.

*

Uzio ulijengwa ukaenda moja kwa moja. Mafundi walivuta kamba kutoka kona hadi kona, na kamba ikapita kati ya makaburi na migomba. Mtu akisimama upande wa ndani akanyoosha mkono angeweza karibu kuligusa kaburi la mwalimu Rubeni. Mchungaji Ombeni aliomba kwenye kikao, akaomba tena, akaambiwa ushahidi ni ushahidi. Tena kwa kuwa yeye ni kijana na ni wa kuja, akaambiwa kwa heshima kwamba mambo ya hapa yana wenyewe.

Mzee Yesaya hakuiona jubilei. Baada ya siku ile hakutoka tena kitandani. Jenista alifunga meza yake Tunduma, akaja kukaa. Usaha wa vidonda vya mgongoni alikuwa anausafisha yeye, na kila aliposafisha aliomba radhi, na mzee kila mara alitikisa kichwa, lakini kwa mtu aliyepooza huwezi kujua kama anakusamehe au anakukataza kusema.

Mchungaji alipokuja kumpa meza ya Bwana alimwambia kwa furaha ya kumfariji, "Mzee, wewe nafasi yako ipo ndani, karibu na mlango. Wazee wameridhia wote, hata Isaka."

Mzee alitikisa kichwa. "Kwa baba," alisema.

"Nje ya uzio, mzee? Kengele itapigwa, wewe ni mshiriki kamili, huna doa. Fikiri."

"Kwa baba."

Asubuhi ya mwisho alimwita Jenista kwa macho. Jenista akamsogezea sikio mdomoni. Maneno yalitoka moja moja, kila moja na pumzi yake.

"Angalia... kaburi."

Safari hii Jenista hakutaka kubahatisha. Akamshika ule mkono mzima kwa mikono yake yote miwili.

"Baba, niangalie vipi? Niangalie kwa macho, au niangalie kwa mikono?"

Mzee alimtazama. Kitu kama kicheko kilipita kwenye ule upande wa uso uliokuwa hai. Akaufumba mkono wake ndani ya mikono ya bintiye, akaubana kwa nguvu zilizobaki, wala hakuuachia, hadi Nesta alipokuja kuutoa.

Kengele ilipigwa kweli. Jeneza likaingia kanisani, likatoka, likalipita lango la makaburi ambalo watu walizoea kuingilia, likaendelea mbele, likaufuata uzio mpya hadi ulipoishia kwenye kona, likazunguka mpaka kwenye migomba. Kwaya ilibaki ndani ya uzio, maana ndio utaratibu, ikaimba ikiwa imesimama nyuma ya ukuta, vichwa tu vikionekana. Mchungaji Ombeni yeye alizunguka. Na nyuma yake, akiongozwa na mtoto wa jirani, alizunguka Bibi Tumpale. Aliomba apelekwe kwanza kwa Rubeni. Akainama, akapapasa udongo wa kaburi lile la zamani, magugu na mawe yake, kwa muda, kisha akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayeongea na mtu aliyeketi kizingitini, "Nimechelewa, mwalimu."

Jenista alikuwa na jembe. Alianza kupalilia siku hiyohiyo, na udongo wa baba yake ulikuwa bado haujakauka.

*

Siku hizi amerudi Tunduma, kwenye meza yake kando ya foleni. Mwisho wa kila mwezi anapanda Ileje na jembe dogo ndani ya mfuko. Kitabu chekundu kiko kwa Nesta, juu ya kabati. Wageni hukisifia.

Madereva wanamjua kwa tabia moja. Ukifika mezani kwake, kabla hajakuuliza ugali au wali, anakutazama kwanza miguuni. Waliomzoea hawajali, huvua na viatu kwa utani. Juzi alifika mgeni, kijana wa Kitwe, akaona mama anamwekea kikombe cha chai, kisha anainama, anachungulia chini ya meza.

"Mama, unatafuta nini miguuni kwangu?"

"Ng'ombe wetu," Jenista alijibu.

Yule kijana akacheka mpaka chai ikamwagika. Jenista akachukua kitambaa, akafuta meza, akamletea chai nyingine.